Kosa la Jana na Uongo wa Leo: Kwa Nini Kuficha Makosa ya Zamani Hufunga Mlango wa Kazi za Usalama

Kila mara nafasi za kazi zinapotangazwa katika polisi, jeshi, magereza au kampuni za ulinzi, vituo vyetu vya mipakani hujaa vijana wenye bahasha mikononi. Ndivyo ilivyo Busia na Malaba, ndivyo ilivyo Mutukula, Katuna, Mpondwe na Elegu. Ndani ya bahasha hizo mna vyeti vya shule, nakala ya kitambulisho cha taifa na barua ya mwenyekiti wa LC I. Lakini mna jambo jingine ambalo halikuandikwa popote, nalo mwombaji humnong'oneza askari wa zamu akiwa amekwisha kugeuka kwenda zake: "Afande, miaka ile nilipata kulala mahabusu. Je, niandike?"

Jibu letu ni moja, nalo halibadiliki: ukiulizwa, andika. Katika makala haya tunaeleza sababu za jibu hilo. Tunataka wananchi wa mipakani waelewe jinsi uhakiki wa sifa unavyofanyika, tofauti iliyopo kati ya kukamatwa na kutiwa hatiani, na sababu inayofanya uongo mdogo juu ya kosa dogo uhesabiwe kuwa mzito kuliko kosa lenyewe. Tunaandika kwa sababu tunaona vijana wenye uwezo wakipoteza riziki, wengine wakiingia katika kesi mpya, kwa kuogopa jambo ambalo pengine lisingewadhuru.

Uhakiki wa sifa ni kitu gani

Kibali cha usalama ni ruhusa anayopewa mtu kushika kazi, silaha, nyaraka au habari ambazo zikiangukia mikono mibaya zitadhuru wananchi. Kabla ya ruhusa hiyo kutolewa, wenye mamlaka hufanya uhakiki. Huuliza mwombaji ni nani, alizaliwa wapi, ameishi wapi, amesoma wapi, anashirikiana na nani, na kama amewahi kuingia katika mkono wa sheria.

Hapa Uganda uhakiki huo huanzia chini kabisa. Anayetaka kujiunga na polisi au jeshi hutakiwa awe raia, asiwe na rekodi ya jinai, na alete barua za kumtambulisha kutoka kwa viongozi wa serikali za mitaa wa mahali anapoishi. Maafisa wa usalama wa ndani wa kaunti ndogo na wa wilaya, hao tunaowaita GISO na DISO, nao huulizwa. Kampuni za ulinzi binafsi husimamiwa na polisi, na mlinzi anayepewa bunduki ya kampuni hawezi kuwa mtu asiyejulikana historia yake. Kwa anayekwenda kufanya kazi ng'ambo, mwajiri au ubalozi mara nyingi hudai cheti cha tabia njema, ambacho hutolewa na Kurugenzi ya Interpol ya polisi baada ya alama za vidole vya mwombaji kulinganishwa na kumbukumbu zilizopo.

Msomaji aone basi kwamba habari za mwombaji hutoka katika visima vingi. Kimoja ni maneno yake mwenyewe katika fomu. Vingine ni majirani, viongozi, mahakama, vidole vyake na kumbukumbu za polisi wa nchi nyingine. Kazi ya mhakiki ni kuona kama maji ya visima hivyo yana ladha moja.

Maneno manne yasiyofaa kuchanganywa

Uongo mwingi tunaokutana nao hautokani na nia mbaya, bali na kutoelewa swali. Yako maneno manne ambayo wananchi huyachanganya.

La kwanza ni kukamatwa. Mtu hukamatwa pale askari anapomshuku kwa kosa. Katiba yetu ya mwaka 1995 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48 kama hajaachiwa. Anaweza kuachiwa kwa bondi ya polisi, ambayo ni bure na hailipiwi hata shilingi moja. Kukamatwa peke yake si ushahidi kwamba mtu ametenda kosa.

La pili ni kushitakiwa, yaani mtu kufikishwa mbele ya hakimu na kusomewa mashitaka. Hapo nako Katiba inamlinda: huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo au yeye mwenyewe akiri.

La tatu ni kutiwa hatiani. Hapa mahakama imekwisha kuamua kwamba mtu ametenda kosa. Adhabu inaweza kuwa kifungo, faini, onyo au kazi za jamii, lakini hatia ni hatia hata kama adhabu ilikuwa nyepesi.

La nne ni kuachiwa huru, pale mahakama inapoamua kwamba shitaka halikuthibitishwa.

Fomu moja inaweza kuuliza, "Je, umewahi kutiwa hatiani?" Aliyekamatwa na kuachiwa bila kushitakiwa atajibu "hapana", naye atakuwa amesema kweli. Fomu nyingine inaweza kuuliza, "Je, umewahi kukamatwa, kushitakiwa au kutiwa hatiani?" Mtu yule yule akijibu "hapana" hapo, atakuwa ameongopa. Kwa hiyo soma swali neno kwa neno. Ikiwa lugha ya fomu inakushinda, mwombe mtu anayeielewa akufasirie kabla hujatia sahihi, kwa maana sahihi ni yako, si yake.

Kwa nini uongo huwa mzito kuliko kosa

Wananchi wengi hutuuliza: mtu aliyeiba baiskeli akiwa na miaka 19, akalipa faini, akatulia miaka kumi, atazuiwaje kazi na neno moja la fomu? Zipo sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni wakati. Kosa la zamani lilitendwa na kijana wa wakati ule. Huenda alikuwa na njaa, hasira au marafiki wabaya. Uongo wa katika fomu umetendwa leo, na mtu mzima, mwenye akili timamu, akiwa ametulia mezani na kalamu mkononi. Mhakiki anayetaka kujua tabia ya mwombaji ya sasa hana ushahidi mpya zaidi ya huo.

Sababu ya pili ndiyo inayowahusu zaidi watu wa mipakani. Siri ni kamba, na anayeijua siri yako ameshika ncha yake. Tuchukue mfano wa askari aliyeingia kazini kwa kuficha kwamba aliwahi kutiwa hatiani kwa magendo. Amepangwa kulinda njia za panya usiku. Aliyefanya naye biashara hiyo zamani anamjua. Siku moja anamjia na kumwambia kwa upole: fumba macho malori mawili yapite, ama nitakwenda kwa mkubwa wako nimweleze wewe ni nani. Askari yule hana pa kukimbilia. Akikataa, anapoteza kazi. Akikubali mara moja, amekubali siku zote, kwani sasa siri zimekuwa mbili. Leo yatapita malori ya sukari, kesho zitapita bunduki, keshokutwa watapita watoto wanaosafirishwa kwenda kuuzwa. Wanaoumia si askari yule peke yake, ni sisi sote tunaolala tukidhani mpaka unalindwa. Lakini kama kosa lile lingeandikwa katika fomu tangu siku ya kwanza, mfanyamagendo asingekuwa na kamba ya kuvuta. Mkubwa angelijua tayari.

Sababu ya tatu ni asili ya kazi yenyewe. Kazi ya usalama husimama juu ya neno la mtu. Askari huandika katika kitabu cha kituo nani ameletwa saa ngapi. Hupokea vielelezo na kuvihifadhi. Hupanda kizimbani na kuapa. Hakimu humwamini, na kwa ushahidi wake mtu huweza kwenda jela. Ikigundulika kwamba askari huyo aliingia kazini kwa uongo, wakili wa upande wa pili atamuuliza swali moja tu, na kesi nzuri itaharibika. Aliyeibiwa atakosa haki yake kwa sababu ya fomu iliyojazwa miaka mingi nyuma.

Tuwaweke vijana wawili kwenye mizani. Wa kwanza aliandika: "Mwaka fulani nilitiwa hatiani kwa kupigana hadharani, nikapewa adhabu ya kazi za jamii, nikaimaliza." Akaambatanisha karatasi ya mahakama. Wa pili alikuwa na kosa hilo hilo, akaandika "hapana". Kwa wa kwanza, mwajiri ana swali moja la kuamua: je, kosa hili linamzuia mtu huyu kwa kazi hii? Kwa wa pili, kosa lenyewe limekwisha kusahauliwa na swali limekuwa jingine: mtu huyu ametuficha nini tena?

Hatusemi kwamba ukweli ni hirizi. Ziko kazi, na polisi ni mojawapo, ambazo masharti yake yanataka mtu asiye na rekodi ya jinai, na aliyetiwa hatiani anaweza kukataliwa hata akisema kweli. Lakini aliyekataliwa kwa kusema kweli anarudi nyumbani na jina lake, na anaweza kuomba kazi nyingine kesho. Aliyegunduliwa kwa uongo anarudi na kosa jipya juu ya lile la zamani.

Wanavyofanya wengine

Si sisi peke yetu tunaopima mambo hivi. Marekani, ambako waajiriwa na makandarasi wengi wa serikali huhitaji kibali cha usalama, mwombaji hujaza fomu ndefu iitwayo SF-86. Fomu hiyo humuuliza juu ya makazi yake, kazi zake, madeni, safari za nje, dawa za kulevya na kumbukumbu zake za polisi. Kanuni zinazotumika kuamua zilianza kazi tarehe 8 Juni 2017, nazo zina vigezo 13. Kigezo kimoja kinahusu makosa ya jinai. Kingine, kinachosimama peke yake, kinahusu mwenendo wa mtu, na ndani yake kumetajwa waziwazi tendo la kuficha au kupotosha kwa makusudi habari za katika fomu. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kusamehewa kosa lake chini ya kigezo kimoja, kisha akaanguka chini ya kingine kwa sababu ya kulificha.

Kanuni hizo hizo hutaka mhakiki amtazame mtu mzima mzima, si kosa lake pekee: uzito wa kosa, muda uliopita, umri aliokuwa nao, na kama amebadilika. Vilevile humfikiria kwa wema yule aliyerudi haraka, kwa hiari yake, kusahihisha alichokosea kabla hajakabiliwa na ushahidi. Asiyerudi, sheria ya nchi hiyo inaruhusu afungwe hadi miaka mitano kwa kutoa maelezo ya uongo kwa serikali.

Jambo hili si la Wamarekani tu. Vijana wetu wengi huomba kazi za ulinzi na viza za kwenda nje. Fomu ya viza ya Marekani humuuliza mwombaji kama amewahi kukamatwa au kutiwa hatiani, hata kama alipata msamaha. Anayepotosha ukweli kwa makusudi anaweza kuzuiwa kuingia nchi hiyo kwa maisha yake yote, isipokuwa apewe ruhusa maalumu. Kanada humfungia aliyepotosha ukweli kwa muda wa miaka mitano, na Uingereza inaweza kumkatalia aliyetumia udanganyifu kwa miaka kumi. Neno moja la uongo linaweza kumgharimu kijana ujana wake wote.

Mpaka hauna pazia

Kati ya watu wa mipakani imeenea imani kwamba kilichotendeka ng'ambo ya pili hubaki ng'ambo ya pili. Mtu ametiwa hatiani Kenya kwa wizi wa ng'ombe, amevuka, amebadili jina la pili, amejiandikisha upya. Anadhani ameanza ukurasa mweupe.

Wakumbuke wanaodhani hivyo kwamba majina hubadilika lakini vidole havibadiliki. Mistari ya vidoleni huumbika kabla mtoto hajazaliwa na hudumu hadi kifo. Ndiyo maana mwaka 1901 polisi wa London walifungua ofisi ya alama za vidole, wakitumia mpango uliobuniwa huko Bengal, India, na Edward Henry pamoja na maafisa wawili wa huko, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Tangu wakati huo jina limekuwa kitu cha pili. Cha kwanza ni kidole. Sheria yetu ya polisi inaruhusu kuchukua alama za vidole na picha za mtu aliye chini ya ulinzi halali. Nayo Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 2015, iliyoanzisha mamlaka ya NIRA, inafanya kutoa habari za uongo wakati wa kujiandikisha kuwa kosa.

Ushirikiano wa polisi nao umekua. Interpol ina nchi wanachama 196, na kila nchi ina ofisi yake ya taifa inayowasiliana na nyingine kupitia mtandao unaofanya kazi mchana na usiku. Katika ukanda wetu, wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki waliunda umoja wao wa EAPCCO mwaka 1998 hapa Kampala. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Rwanda na Uganda huweza kuvuka kati ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kizinduliwe rasmi mwaka 2018, maafisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Aliyekuwa akitegemea kwamba karani wa huku hamjui karani wa kule, ategemee kitu kingine.

Visingizio tunavyovisikia

"Yalikwisha kitambo." Huenda yamekwisha kwako, lakini kama swali linasema "umewahi", halina mwisho wa miaka. Muda uliopita ni hoja njema ya kutaja baada ya kueleza kosa. Haumpi mtu ruhusa ya kulificha.

"Nilikuwa mtoto." Hili lina uzito wake. Sheria ya Watoto ya Uganda haikubali mtoto aitwe mtu aliyetiwa hatiani au aliyehukumiwa; hutumia maneno mengine, na kesi zake husikilizwa katika mahakama ya familia na watoto. Aliyepitia huko asikimbilie kujaza "ndiyo" wala "hapana" kabla ya kupata ushauri wa mwanasheria au afisa ustawi wa jamii.

"Sikufungwa, nilifagia soko tu." Kazi za jamii, zilizowekwa na sheria ya mwaka 2000 kwa makosa madogo, ni adhabu inayotolewa na mahakama baada ya mtu kutiwa hatiani. Kutofungwa si sawa na kutohukumiwa.

"Nilisamehewa." Wako ndugu zetu, hasa wa kaskazini, wa magharibi na wa West Nile, waliotoka msituni na kupewa cheti chini ya Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000. Cheti hicho humkinga mtu asishitakiwe kwa aliyoyatenda vitani. Hakifuti historia, wala hakimlazimu mtu kujificha. Ukiulizwa juu ya kipindi hicho, onyesha cheti chako. Serikali ndiyo iliyokupa.

"Yupo mtu atakayenisafishia faili." Huyu ndiye mwizi mkubwa kuliko wote. Madalali hukaa karibu na ofisi, wakidai kwamba kwa kiasi fulani watafuta kumbukumbu au kuleta cheti cha tabia njema bila vidole. Wanachokuuzia ni cheti cha kughushi. Sheria ya Kanuni za Adhabu inaadhibu kughushi, inaadhibu kutumia hati ya kughushi, inaadhibu kujifanya mtu mwingine, na inaadhibu kumpa mtumishi wa umma habari za uongo. Dalali hutokomea na fedha. Anayekamatwa na karatasi mkononi ni wewe.

Wajibu wa wazazi na viongozi wa vijiji

Mara nyingi uongo wa kijana umefundishwa nyumbani. Mzazi humwambia mwanawe, "Usijitaje, nani atajua?" Tunawaomba wazazi wafikiri tena. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tunaongeza kwamba mficha kesi fomu humuumbua.

Kwa wenyeviti wa LC I tuna ombi la pekee. Barua yenu ndiyo jiwe la kwanza la uhakiki wote unaofuata. Mwenyekiti anayeandika kwamba anamfahamu kijana tangu utotoni, kumbe kijana huyo amehamia kijijini mwezi uliopita, ameweka jiwe bovu katika msingi. Ikiwa humfahamu mtu, andika kwamba humfahamu, au andika unachokijua tu: amekaa hapa tangu lini, na kwa muda huo umemwona vipi. Na ikiwa kijana wa kijiji chako alikosea zamani na kisha akajirekebisha, barua inayosema hayo mawili kwa pamoja inamsaidia zaidi kuliko barua inayomfanya malaika.

Upande mwingine, tusigeuze kosa la zamani kuwa fimbo ya kijiji. Mtu aliyemaliza adhabu yake amelipa deni lake mbele ya sheria. Majirani wanaomzomea kila siku ndio wanaomfundisha kuficha. Kijiji kinachomruhusu mtu kusema "nilikosea, nikatubu" bila kuchekwa hakitakuwa na siri nyingi za kuuzia wafanyamagendo.

Hatua za kufuata

Anayetaka kuomba kazi ya usalama, au cheti cha tabia njema, afuate haya.

Kwanza, akusanye kumbukumbu zake kabla ya kushika kalamu. Aliyewahi kushitakiwa aende katika masjala ya mahakama iliyosikiliza kesi aombe nakala ya hukumu au amri. Nambari ya kesi, tarehe na jina la mahakama humrahisishia karani kazi.

Pili, asome kila swali kwa utulivu na kujibu kile tu kilichoulizwa, kwa ukamilifu. Asipunguze, wala asiongeze kwa hofu mambo ambayo hakuulizwa.

Tatu, pale penye "ndiyo", aeleze kwa sentensi chache: kosa gani, lini, wapi, mahakama iliamua nini, adhabu ilimalizika lini, na amefanya nini tangu hapo. Asiwalaumu wengine wala asijitetee kwa kurasa tatu.

Nne, aandike majina yote aliyowahi kutumia, pamoja na lile la ng'ambo ya mpaka. Si kosa mtu kuitwa hivi kwa mjomba na vile shuleni. Kosa ni kulificha jina moja lisionekane na lingine.

Tano, aliyekwisha kujaza fomu na kuacha jambo, asingoje kuitwa. Aende mwenyewe katika ofisi aliyopeleka maombi, aombe kusahihisha, na abaki na nakala ya barua yake. Anayerudi kabla ya kuulizwa hupimwa tofauti na anayekiri baada ya kuwekewa karatasi mbele.

Sita, asitoe fedha kwa mtu yeyote nje ya malipo halali yanayolipwa benki na kupewa risiti. Akiombwa rushwa na askari wetu, apeleke malalamiko kwa kamanda wa polisi wa wilaya au kwa kitengo chetu cha kusimamia nidhamu ya askari. Hatuwezi kuwataka wananchi wawe wakweli kwetu huku sisi wenyewe tukiuza ukweli.

Mwenye swali ambalo makala haya hayakulijibu amwone afisa uhusiano wa jamii katika kituo cha polisi kilicho karibu naye. Kuuliza namna ya kujaza fomu si kosa na hakuhitaji malipo. Uamuzi wa mwisho juu ya ajira hutolewa na wenye mamlaka ya kuajiri. Lakini kuna uamuzi mmoja unaotangulia wote, nao hautolewi na polisi, wala na mwenyekiti, wala na mwajiri: ni ule wa mwombaji anapofika kwenye swali lile na kuchagua la kuandika.